Haki ya Mwenye Neno: Kunukuu na Kueleza Upya katika Maandishi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyepata kusahihisha insha za historia katika shule ya sekondari anaijua hali hii. Ameketi usiku na rundo la madaftari. Anasoma insha juu ya mji wa kale wa Kilwa, na moyo wake unafurahi, maana lugha imetengemaa na hoja zimepangika. Anapofika daftari la nne anakutana na aya ile ile, nukta kwa nukta. Daftari la tisa ni vivyo hivyo. Hatimaye anatambua kwamba aya hiyo imetoka katika kitabu cha kiada, au pengine katika simu ya mkononi, na hakuna hata mmoja kati ya wanafunzi hao watatu aliyetaja alikoitoa. Mwalimu hukasirika, akaandika kwa wino mwekundu neno moja, «wizi», akawapa wote sifuri. Wanafunzi nao hushangaa. Wao waliambiwa waandike habari za Kilwa, nao wameandika habari za Kilwa, tena zilizo sahihi. Basi kosa liko wapi?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali la wanafunzi hao kwa njia ya historia. Aghalabu jambo la kunukuu na kutaja chanzo hufundishwa kama sharti la mtihani, au kama ada ngeni iliyokuja kutoka vyuo vikuu vya Ulaya pamoja na tanbihi na orodha za marejeo. Mwanafunzi akilipokea hivyo hulifuata kwa woga, na huliacha mara mwalimu anapogeuza kisogo. Nia yetu ni kuonyesha kwamba kumpa mwenye neno haki yake ni ada ya kale katika elimu na fasihi ya Waswahili. Kwamba ada hiyo ilikuwa na vyombo vyake. Na kwamba mahali ilipopuuzwa, tulipata hasara ambayo hatujamaliza kuilipa.

Vyombo vya Wazee Wetu

Tuanze na jambo dogo ambalo kila msomaji hulitenda bila ya kulifikiria. Mtu anapotoa methali mbele za watu, hasemi kwamba ameitunga yeye. Husema, «Wahenga walinena», au «Wazee wetu wamesema», ndipo akaitoa. Methali haina mtunzi ajulikanaye, wala hapana atakayemshitaki msemaji kwa kuifanya yake. Hata hivyo adabu ya lugha inamtaka aonyeshe kwamba maneno yale yametoka nje ya kinywa chake. Kadhalika msimulizi wa ngano husema kwamba hadithi ile alihadithiwa na bibi yake. Wale wanaodai kwamba utamaduni wetu haukujua mwenye neno, kwa sababu mali yote ya fasihi ilikuwa ya wote, wameisahau adabu hii. Mali ilikuwa ya wote, lakini asili yake ilitajwa.

Katika vyuo vya pwani, ambamo watoto walifundishwa kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tangu karne nyingi, ada hiyo ilikuwa na nguvu zaidi. Wanazuoni wa hadithi walikuwa na kanuni ya isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi. Haikutosha kusema kwamba neno fulani lilisemwa. Ilipasa kutaja nani alilisikia kwa nani, na huyo naye kwa nani, mpaka kufika kwa msemaji wa kwanza. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alisifika kwa ukali wake katika kuichunguza minyororo hiyo. Pete moja ikiwa dhaifu, neno zima lilitiliwa shaka. Mwanafunzi wa chuo cha Lamu au cha Unguja aliyekulia katika elimu ya namna hii alijua mapema kwamba uzito wa neno haupimwi kwa uzuri wake peke yake, bali pia kwa njia lililopita.

Washairi nao walikuwa na chombo chao, nacho ni takhmisa. Mshairi huuchukua ubeti wa mtu mwingine wenye vipande viwili, akautangulizia vipande vitatu vyake mwenyewe, ukawa ubeti wa vipande vitano. Na jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambaye pia ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi, alitunga takhmisa juu ya beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Utungo huo waitwa Takhmisa ya Liyongo: jina la mwenye beti za asili limewekwa katika anwani. Msomaji anayeijua bahari hii hahitaji alama yoyote ya kumwonyesha mipaka. Mahali pa vipande panamwambia kipi ni cha Liyongo na kipi ni cha Sayyid Abdalla. Tunayoyafanya leo kwa alama za mtajo, wao waliyafanya kwa umbo la ubeti.

Ama watunzi wa tenzi, wengi wao walikuwa na desturi ya kueleza mwanzoni kwamba kisa chao kimetoka katika chuo cha Kiarabu, na kwamba kazi yao ni kukigeuza kiwe Kiswahili. Na mwishoni baadhi yao walitaja majina yao na tarehe. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, aliufunga kwa kutaja jina lake, mahali alipozaliwa, na mwaka wa utungo kwa hesabu ya Hijra, yaani 1275. Kwa sababu hiyo hapana mtu anayeweza kuuchukua utenzi ule akajifanya ndiye mtunzi. Mama yule aliufungia mlango kwa ufunguo wake mwenyewe.

Ada hii haikukatika katika karne ya 20. Shaaban Robert alipozileta kwa lugha yetu rubai za mshairi wa Uajemi, kitabu kilitoka mwaka 1952 kwa jina la Omar Khayyam kwa Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, Kiswahili kilikuwa chake, wala haikufichwa kwamba tamthilia ni za Shakespeare. Kufasiri ni kueleza upya kwa kiwango cha juu kabisa, kwani hakuna hata neno moja la asili linalobaki. Hata hivyo mwenye asili alibaki na haki yake. Mwanafunzi anayedhani kwamba akibadili maneno yote hana haja tena ya kutaja chanzo, na atazame majalada ya vitabu hivyo.

Habari za Kilwa: Faida ya Kutaja Chanzo

Huenda msomaji akasema kwamba yote hayo ni adabu tu, na adabu haiongezi elimu. Turudi basi Kilwa, mji waliouandika wale wanafunzi watatu, tuone namna ambavyo kutaja chanzo kulivyoisaidia historia yenyewe.

Mwaka 1552 João de Barros, ofisa wa serikali ya Kireno mjini Lisbon, alichapisha sehemu ya kwanza ya historia yake kubwa ya safari za Wareno. Humo alieleza habari za wafalme wa Kilwa, tangu waanzilishi wa mji mpaka kuja kwa Wareno. Barros alisema wazi kwamba mambo hayo ameyatoa katika tarihi ya wafalme wa mji ule. Hakuinakili tarihi yote. Aliieleza kwa ufupi katika lugha yake. Zaidi ya miaka mia tatu baadaye, mwaka 1895, Arthur Strong alichapisha mjini London matini ya Kiarabu ya tarihi ya Kilwa, iitwayo Kitab al-Sulwa, kutokana na nakala iliyotoka Unguja.

Hapo wanahistoria walijikuta na habari mbili za mji mmoja. Hazilingani katika kila jambo. Majina na mfululizo wa watawala hutofautiana baina ya moja na nyingine. Lau Barros angalijifanya kuwa ameyajua mambo hayo kwa elimu yake mwenyewe, tofauti hizo zingalikuwa fumbo lisilo na mlango. Kwa kuwa alitaja chanzo, wataalamu waliweza kuuliza: je, palikuwa na tarihi mbili, au ni nakala mbili za asili moja zilizoachana njiani? Neville Chittick alipochimbua magofu ya Kilwa Kisiwani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliweza kuzipima habari hizo mbili kwa sarafu, vigae na kuta zilizofukuliwa ardhini, akaona kwamba utawala wa Washirazi ulianza baadaye kuliko ilivyodhaniwa kutokana na maandishi.

Huu ndio mfano wa kuwaonyesha wanafunzi. Chanzo kikitajwa, msomaji wa baadaye hupewa njia ya kurudi nyuma kukagua. Chanzo kikifichwa, njia hukatwa. Insha tatu zenye aya moja ya Kilwa humdanganya msomaji kwa namna mbili: zinamfanya aamini kwamba watu watatu wamechunguza, kumbe aliyechunguza ni mmoja, na zinamnyima jina la huyo mmoja, hata akikosea asijulikane wa kuulizwa.

Muyaka na Mwalimu Sikujua

Mfano wa pili watoka Mombasa. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zama za Mazrui na za kuja kwa utawala wa Sayyid Said. Yeye ndiye anayesifiwa kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni: alitunga juu ya siasa, mapenzi, njaa, biashara na ugomvi wa majirani. Lakini Muyaka hakuacha diwani iliyochapwa. Beti zake zilikaa vinywani mwa watu kwa miaka mingi, na lau wahifadhi wake wasingaliandika ni za nani, leo zingalikuwa mashairi yasiyo na baba.

Aliyefanya kazi hiyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdalla wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Alizikusanya beti za Muyaka akishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor, ambaye karatasi zake zimehifadhiwa London. Kutokana na hazina hiyo, William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940 huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu kingine juu ya mashairi hayo. Mnyororo wa isnadi umetimia hapa katika fasihi: Muyaka, wenyeji wa Mombasa waliokumbuka, Mwalimu Sikujua, Taylor, Hichens, Abdulaziz. Kila mmoja alimtaja Muyaka. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anaweza kulisoma shairi la miaka mia mbili iliyopita akajua ni sauti ya nani.

Jina Lisilokuwa Jaladani

Si kila kazi iliyopata bahati hiyo. Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu kikubwa cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Kinaeleza kuzaliwa kwa mtoto, malezi, jando, ndoa, ngoma, uganga, utumwa, sheria na maziko ya watu wa Mrima. Hapana mtafiti wa utamaduni wa pwani anayeweza kukipita. Katika ukurasa wa anwani limeandikwa jina la Dakta Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali Dar es Salaam kabla ya kufundisha Kiswahili mjini Berlin, na imeelezwa kwamba yeye ndiye aliyekusanya.

Lakini Velten hakuyaandika maneno hayo. Sehemu kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake, na aliyefariki huko huko mwaka 1927. Wengine pia walichangia. Velten hakumficha kabisa. Alimtaja Mtoro katika dibaji. Hata hivyo jina lililo jaladani ndilo linaloshikwa na wasomaji. Kwa miaka mingi wataalamu waliokuwa wakikitumia kitabu hicho waliandika kwamba «Velten anasema» kadha wa kadha, ilhali msemaji ni Mswahili aliyekuwa akieleza mambo ya kwao kwa Kiswahili chake. Mwaka 1981, J. W. T. Allen alipokifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza, ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari lilipowekwa mahali pake katika anwani. Ilikuwa imepita miaka 78 tangu kuchapishwa, na miaka 54 tangu mwenyewe kufariki.

Yafaa tuipime hasara hii sawasawa. Hapana aya iliyoibwa, wala hapana sheria ya wakati ule iliyovunjwa. Kilichopotea ni uzito. Neno la Mtoro lilipokuwa likitajwa kwa jina la Velten, wasomaji waliona Mzungu akiwaeleza Waafrika. Hawakuona Mwafrika akijieleza mwenyewe. Taifa linalotaka kujua kwamba wazee wake waliandika, walifikiri na kutoa hukumu juu ya maisha yao, haliwezi kulidharau jina lililokosekana jaladani. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wanafunzi wa Mwaka 1968

Mfano wa mwisho unatuhusu zaidi, kwa sababu watendaji wake walikuwa wanafunzi. Vita vya Maji Maji vilipiganwa tangu 1905 hadi 1907. Kwa muda mrefu habari zake zilijulikana zaidi kwa taarifa za maofisa wa Kijerumani na za wamisionari. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, walikwenda katika sehemu zilizopigana vita hivyo kuwasikiliza wazee waliovishuhudia au waliohadithiwa na wazazi wao. Ripoti zao zilikusanywa pamoja, na hadi leo watafiti wa ndani na wa nje huzirejea.

Kilichozipa ripoti hizo thamani ni kwamba zilionyesha mazungumzo yalifanyika na nani, na wapi. Mzee asiyejua kusoma akawa chanzo cha historia kwa jina lake, sawa na gavana aliyeandika barua Berlin. Lau wanafunzi wale wangaliandika tu «inasemekana kwamba» au wangaliyachanganya maneno ya wazee na mawazo yao wenyewe, sauti zile zingalizama. Leo wazee wale hawapo. Hapana atakayeweza kurudi kuwauliza mara ya pili. Yaliyobaki ni yale tu yaliyonukuliwa kwa uaminifu.

Asili ya Kosa Shuleni

Baada ya kuyaona hayo, tunaweza kurudi kwa wale wanafunzi watatu na kuuliza kwa haki: kwa nini walinakili? Wachache hunakili kwa uvivu au kwa nia mbaya. Wengi hunakili kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Tangu shule ya msingi mtoto huandika yale yaliyo ubaoni, huyakariri, na katika mtihani hupata alama nyingi kadiri anavyoyarudisha kama yalivyokuwa. Hatuidharau kazi ya kukariri. Vyuo vyetu vya kale viliisimika elimu yao juu yake. Lakini mtoto wa chuoni aliyekariri alijua, na kila aliyemsikia alijua, kwamba maneno yale si yake. Shule zetu zimebakiza kukariri na zimesahau kutaja.

Sababu ya pili ni lugha. Nchini Tanzania masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeelewa habari nusunusu katika lugha asiyoimudu huogopa kuligusa neno la kitabu, asije akaliharibu. Kwake yeye kunakili ni kujisitiri. Mwalimu anayemwita mwizi bila ya kumfundisha namna ya kusema jambo upya ni sawa na mtu anayemkemea asiyejua kuogelea kwa kuing'ang'ania ngalawa.

Tusisahau pia kwamba hakimiliki ina sheria zake. Tanzania ilitunga sheria ya jambo hilo mwaka 1966, na nyingine mpya mwaka 1999. Sheria hizo hulinda kazi za waandishi na wasanii, nazo zinafaa kufahamika. Lakini mwanafunzi hatajifunza uaminifu wa kielimu kwa kuogopa mahakama. Atajifunza kwa mazoezi.

Namna ya Kufundisha

Kuna njia mbili za haki za kulitumia neno la mwingine. Ya kwanza ni kunukuu, yaani kuyachukua maneno yenyewe bila ya kuyabadili, kuyatia ndani ya alama za mtajo, na kumtaja mwenyewe. Lugha yetu ina neno jingine zuri kwa kazi hii, nalo ni kudondoa. Kudondoa ni kuokota punje mojamoja. Anayedondoa huchagua, hazoi mchanga pamoja na mpunga. Tunukuu pale ambapo maneno yenyewe yana thamani: kauli ya shahidi, ubeti wa mshairi, kifungu cha sheria, au hoja tunayotaka kuipinga. Njia ya pili ni kueleza upya, yaani kulichukua wazo na kulisema kwa maneno yetu na kwa mpango wetu, tukimtaja mwenye wazo. Mwanafunzi aliyejifunza sarufi tayari anazijua njia hizi kwa majina mengine: usemi halisi na usemi wa taarifa. Katika zote mbili aliyesema hutajwa.

Tuchukue sentensi moja ya makala haya tuifanyie kazi. Hapo juu tumeandika juu ya Muyaka: «Beti zake zilikaa vinywani mwa watu kwa miaka mingi, na lau wahifadhi wake wasingaliandika ni za nani, leo zingalikuwa mashairi yasiyo na baba.» Mwanafunzi wa kwanza anaandika: Mashairi yake yalikaa midomoni mwa watu kwa muda mrefu, na kama waliomhifadhi wasingeandika ni ya nani, sasa yangekuwa mashairi yasiyo na baba. Huyu amebadili vinywa vikawa midomo na miaka mingi ikawa muda mrefu. Mifupa ya sentensi ni ile ile, na hata taswira ya baba ameichukua. Hakueleza upya, ameivika sentensi ya mwingine kanzu mpya. Hata akitaja chanzo, bado amemfanya msomaji aamini kwamba maneno ni yake.

Mwanafunzi wa pili anaandika: Mwandishi wa makala juu ya kunukuu aona kwamba faida ya waliokusanya kazi za Muyaka haikuwa kuokoa maneno tu, bali pia kuokoa jina la mtunzi, ambalo mapokeo ya mdomo peke yake yangeweza kulipoteza. Huyu ameelewa, amepanga upya, na ametaja. Mwanafunzi wa tatu anaandika: Mwandishi ahofia kwamba beti za Muyaka zingebaki «mashairi yasiyo na baba», lakini mimi naona kwamba ngano nyingi hazina baba na bado zinatufunza. Huyu amedondoa maneno manne tu, kisha akatia hoja yake. Hapa mwalimu afurahi zaidi, ijapokuwa amepingwa, kwa maana mpaka baina ya neno la mwandishi na neno la mwanafunzi umeonekana wazi.

Ili kuwafikisha wanafunzi hapo, zoezi moja latosha kuanzia. Wasome aya mara mbili. Wafunge kitabu. Kila mmoja amsimulie jirani yake habari aliyoisoma, kwa mdomo, kama anavyosimulia ngano. Na ikiwa aya ni ya Kiingereza, asimulie kwanza kwa Kiswahili. Kisha aandike alichosimulia. Mwisho afungue kitabu na kulinganisha: jambo lililopotoka alisahihishe, na fungu la maneno lililoponyoka likabaki kama lilivyo kitabuni alitie alama za mtajo au aliseme upya. Katika daftari la kukusanyia habari, ukurasa ugawanywe kwa mstari: upande mmoja maneno ya kitabu pamoja na jina la mwandishi na ukurasa, upande wa pili mawazo ya mwanafunzi. Makosa mengi hutokea kwa sababu pande hizo mbili zilichanganyika tangu siku ya kwanza, hata mwanafunzi mwenyewe akasahau kipi ni chake.

Anayekwenda kumhoji mzee afuate njia hiyo hiyo. Aandike jina la mzee kwa idhini yake, mahali, na tarehe ya mazungumzo. Na mzee akitaka jina lake lisitajwe, aheshimiwe, lakini ielezwe kwamba habari imetoka kwa mwenyeji wa mahali fulani. Na anayetumia simu au mashine ya kumwandikia, ajue kwamba chombo hakimwondolei wajibu. Kama mashine imempa habari isiyo na mwenyewe, kazi yake ni kumtafuta huyo mwenyewe, na asipompata, asiitegemee.

Hitimisho

Tumeanza na wanafunzi watatu na aya moja ya Kilwa. Swali lao lilikuwa: kosa liko wapi, ikiwa habari ni sahihi? Jibu letu ni kwamba historia haijengwi kwa habari sahihi peke yake. Hujengwa kwa habari zinazojulikana zimetoka kwa nani, ili aje mwingine azipime, azikubali au azikatae. Mwandishi wa Kireno aliyetaja tarihi ya Kilwa alituachia njia. Mwalimu Sikujua alituachia Muyaka. Wanafunzi wa mwaka 1968 walituachia sauti za wazee wa Maji Maji. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari alingoja kwa miaka 78 mpaka jina lake likapata mahali pake katika anwani ya kitabu chake.

Katika kila kijiji na kila mtaa wa nchi zetu yumo mtu ajuaye jambo ambalo halijaandikwa bado. Siku moja mwanafunzi atakwenda kumsikiliza, na daftari mkononi. Kama tumemfundisha mwanafunzi huyo vema, neno la mzee yule litafika kwa wajukuu likiwa na jina la mwenyewe. Tusipomfundisha, litafika likiwa na jina la mwingine, au lisifike kabisa. Basi mwalimu atakaporudisha madaftari yale matatu, na asiandike «wizi» akanyamaza. Aandike swali: «Ni nani aliyesema hivi?» Kisha awape muda wa kwenda kulijibu.